Kanzu ya Pili

Ndani ya chupa kubwa ya kioo, jiwe lilipanda juu ya maji kama andazi kwenye mafuta ya moto. Lilikuwa jiwe lililosagwa, unga mweusi ulio mzito kuliko maji mara kadhaa, na kwa haki yake ulipaswa kulala chini na kukaa kimya. Badala yake uling'ang'ania mapovu, ukapanda nayo, ukatanda juu kama ukoko. Chini yake maji yalibaki maangavu kiasi kwamba wageni waliokaa upande mmoja wa chupa waliwaona wenzao wa upande wa pili wakiwa wameduwaa.

"Jiwe halijabadilika," alisema mhandisi Sikujua Chilemba, akiizungusha chupa taratibu. "Lipasueni, ndani mtalikuta ni lile lile. Tumelivisha tu."

Kisha akaeleza, kwa furaha ya mtu anayesimulia habari za mchumba wake. Dawa waliyolivisha jiwe ilitokana na mafuta ya maganda ya korosho, yaliyopikwa mpaka yakawa mazito kama samli. Kila chembe yake, ndogo kuliko jicho lolote linavyoweza kuona, ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda jiwe na hulishika kama kupe. Mkia haupatani na maji hata kidogo. Chembe hizo zikilizunguka jiwe, vichwa ndani na mikia nje, jiwe zima hupata tabia ya mkia: huyakimbia maji. Likipita povu la hewa karibu, jiwe hulirukia, maana ndani ya povu hakuna maji, na povu likipanda, nalo hupanda. Vyuoni dawa hiyo ilikuwa na jina refu la kuvunja ulimi. Wafanyakazi wa Namkonda waliiita kanzu, na mtambo wa kuitumia wakauita kivishamawe, na majina hayo ndiyo yaliyobaki.

Namkonda, kwenye vilima vya Ruangwa, ulikuwa mji wa kuonewa wivu katika karne ile. Nyumba zake zilichapwa na mitambo kwa udongo mwekundu wa hapo hapo, tabaka juu ya tabaka, zikianza asubuhi na kuhamiwa jioni. Mashambani, roboti wadogo walioitwa viokota walitambaa chini ya mikorosho wakiokota korosho zilizoanguka na kugombana na kunguru. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, maji ya kunywa. Juu ya mji kulikuwa na Bwawa la Jivu, ambamo kampuni moja iliyochimba zamani, ambayo jina lake hakuna tena anayelikumbuka, ilimwaga tope lenye chembe za jiwe la sumu. Chembe hizo zilikuwa laini mno. Kwa miaka arobaini zilizagaa majini zikigoma kuzama, na kila masika zilishuka na kijito mpaka visimani.

Serikali ilikuwa imechoka kuleta maji kwa magari ya anga. Ikaamua kwamba kivishamawe kipimwe mbele ya Mkaguzi Mkuu wa Maji. Kikisafisha, mji ubaki. Kikishindwa, watu wahamishiwe mbali bondeni kabla ya mvua. Nyumba zilikuwa tayari zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, maana yapo mambo ambayo karne huja na kupita bila kuyagusa. Alama hiyo ilikuwepo pia kwenye ukuta wa Bi Somoe, mama yake Sikujua, kando ya mlango ambao alikuwa ameupaka rangi ya buluu kwa mkono wake.

Bi Somoe alikuwa ameshasema lake. "Mimi na mikorosho yangu hatuhami. Wakiweza kuibeba mikorosho, na mimi wanibebe." Sikujua alimjua mama yake, hakuwa mtu wa kusema jambo kisha akalimeza. Kwa hiyo siku ile, pamoja na tabasamu lote mbele ya wageni, jicho lake lilimrudia mama yake kila mara.

Mama mwenyewe alikaa safu ya mbele, amejifunga kanga mpya, na hakuwa mgeni hapo mtamboni. Kivishamawe kiliongozwa na akili unde iitwayo Mkadiri, na Mkadiri hakuwa ameandikiwa sheria za kazi. Alijifunza kwa kuwatazama watu wakifanya, kama mtoto anavyojifunza kusonga ugali. Sikujua alipotafuta mtu mwenye mkono mzuri wa kupima, hakwenda mbali. Mama yake alikuwa ameuza unga na korosho sokoni maisha yake yote, kibaba mkononi. Basi Bi Somoe alikaa mtamboni wiki kadhaa, akichota dawa kwa kibaba mbele ya macho ya Mkadiri, na mikono miwili ya chuma ikimwigiza mpaka ikawa na mizungusho yake ya kiganja.

"Sasa twende kwenye tangi," alisema Mkaguzi Mkuu. Aliitwa Bi Leokadia Rugemalira, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, asiyecheka upesi. Jana yake alikuwa amelijaza tangi maji ya Bwawa la Jivu, akayafunga mabomba yote kwa mihuri yake, ili asije mtu mjanja akapenyeza maji safi usiku. "Chupa nimeiona. Watu hawanywi kwenye chupa ya maonyesho."

Tangi lilikuwa kubwa kama ukumbi wa harusi, na upande mmoja ulikuwa wa kioo. Fundi mkuu wa mapovu, Gaudensi Ngonyani, alisimama kwenye ngazi akisubiri amri. Alikuwa Mngoni wa Songea, kwa hiyo mtani wa Wamwera, na mji wa Namkonda ni wa Wamwera. Maana yake alikuwa na ruhusa ya kumwambia yeyote lolote, siku yoyote, msibani hata harusini, na hakuipoteza ruhusa hiyo bure.

"Washa, mtani," alisema Sikujua.

"Nawasha. Mababu zenu tuliwafukuza mpaka mapangoni, leo wajukuu wanatuamuru tuwashe mitambo. Dunia hii."

Watu wakacheka. Mikono ya chuma ikachota dawa, ikamimina, ikachota tena, ikamimina. Hewa ikavuma chini ya tangi. Mapovu meusi yakaanza kupanda, na kundi la ngoma lililokaa kando likaanza kupiga kabla ya wakati wake. Kisha mapovu yakapasuka. Yakapanda mengine, yakapasuka nayo, na unga wa jiwe ukarudi chini taratibu bila haraka. Maji nyuma ya kioo yakawa ya kijivu kuliko mwanzo. Ngoma ikafifia, mpigaji wa mwisho akabaki peke yake kidogo, naye akaona aibu akaacha.

Gaudensi alichungulia kutoka ngazini. "Kumbe hata mawe yenu yanakimbilia mapangoni," alisema, lakini safari hii aliyecheka ni yeye tu, na si sana.

Sikujua aliwaza nyumba yenye mlango wa buluu, akaiwaza imevunjwa. Majaribio yote ya nyuma yalikuwa yamefaulu. Povu lilisimama kila mara, nene, la kukatwa kwa kisu. Mawe yalikuwa yale yale, maji yale yale na dawa ile ile. Akasogelea kipaza sauti cha mtambo.

"Mkadiri, umetia dawa kiasi gani?"

"Vibaba vilivyoagizwa," Mkadiri akajibu kwa sauti yake tulivu iliyosikika uwanja mzima. "Na nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Ya kila siku. Kila kibaba huwa na kilima juu yake, na baada ya kibaba kuna konzi. Bi Somoe hapimi bila nyongeza. Na leo nimeongeza zaidi, kwa sababu kuna wageni wengi. Bi Somoe alinifundisha kwamba siku ya wageni hapimiwi mtu kwa jicho kali. Nimehesabu vichwa, na kila kichwa nimekitilia kidogo."

Bi Somoe, kwenye safu ya mbele, akaivuta kanga mpya mpaka mdomoni.

Sikujua alimtazama mama yake, na kwa kweli hakujua alie au acheke. Wiki zote zile alikuwa akikagua dawa, joto, hewa na mabomba, na hata mara moja hakutazama kilima kilicho juu ya kibaba, kwa sababu kwake kilima kile hakikuwa kitu cha kutazamwa. Amekua nacho. Nani Namkonda anapimiwa unga bila nyongeza? Muuzaji asiyeongeza hununiwa mtaa mzima. Siku za kawaida nyongeza ilikuwa ndogo na mtambo uliivumilia. Leo Mkadiri alikuwa amefanya karamu.

"Nieleze," alisema Mkaguzi. "Dawa ikizidi, si ndiyo mawe yatavaa vizuri zaidi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Yamevaa kanzu ya pili." Sikujua akashika kiganja chake kwa kiganja kingine, kuonyesha. "Kanzu ya kwanza ilivaliwa sawasawa, mikia nje. Chembe zilizozidi hazikupata jiwe la kushika. Mikia yao haitaki maji, kwa hiyo imejificha kwenye mikia ya wenzao. Sasa kanzu ya pili imegeuka: mikia ndani, vichwa nje. Na vichwa vinapatana na maji. Mawe sasa yamestarehe humo majini. Hayana sababu ya kupanda."

"Basi punguza dawa."

"Ikishaingia imeingia, Mheshimiwa. Samli ikishakolea mchuzini huitoi."

"Kwa hiyo imekwisha." Bi Leokadia hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu aliyekwisha kuona miji mingi ikihamishwa na hakuupenda hata mmoja.

Sikujua alikuwa akilitazama tangi, na midomo yake ikicheza kama ya mtu anayefanya hesabu kichwani. Kisha uso ukamfunguka.

"Tuongeze uchafu," alisema.

"Mtani," akasema Gaudensi kutoka ngazini, kwa upole usio wa kawaida yake, "njoo kivulini ukae kidogo."

"Sikilizeni. Nguo zimezidi watu. Suluhisho ni kuita watu zaidi. Kanzu ya pili haikushika jiwe, imeshikilia mikia tu, na inang'oka kirahisi. Tukitia tope jipya, tope lenye mawe yaliyo uchi, dawa iliyozidi itawaacha hawa iende kuwavisha wale. Kila jiwe litabaki na kanzu moja. Yote yatapanda, haya na yale."

"Mabomba yana mihuri yangu," alisema Mkaguzi. "Muhuri ukivunjwa leo, ukaguzi unaanza upya mwakani. Mwakani hamtakuwepo hapa."

"Sitaki mabomba. Tangi liko wazi juu, na bwawa liko pale. Tuna ndoo."

Kila mtu aliona kwamba Bi Leokadia anazipitia kanuni kichwani mwake, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta mahali pa kukataa.

"Kuongeza maji safi kwenye tangi la ukaguzi ni marufuku," alisema hatimaye. "Kuongeza uchafu, nakiri, hakuna aliyewahi kufikiria kukukataza. Lakini nitaichota ndoo ya kwanza mimi mwenyewe, ili nijue inatoka bwawani." Akapandisha suruali yake, akaingia majini na viatu vyake vya mpira.

Baada ya hapo ilikuwa sherehe, hakuna neno jingine. Mji mzima uliteremka bwawani. Ndoo za chuma, ndoo za plastiki, sufuria za pilau zilizokuwa zikisubiri mchana, beseni la mtoto mchanga ambaye mama yake alimkabidhi mwakilishi wa Wizara amshike. Watu wakajipanga mstari kutoka ukingoni mpaka juu ya ngazi, ndoo ikipita mkono kwa mkono. Ngoma ikarudi, sasa ikiwa na kazi ya kuwapa watu mwendo. Viokota kutoka mashambani waliona watu wanakusanya kitu, nao wakaja na vikapu vyao vyenye matundu, wakavijaza tope, wakafika ngazini na matone. Hawakukatishwa tamaa, wakarudi kuchota tena.

Gaudensi aliiona nafasi ambayo mtani huiota maisha yake yote. Kila Mmwera aliyepanda ngazi na tope, alishuka na tope usoni. Sikujua alipakwa kwanza, mashavu yote mawili. Alipofika Mkaguzi na ndoo yake ya pili, Gaudensi akasita, mkono ukiwa hewani.

"Wewe ni kabila gani, Mheshimiwa?"

"Mhaya."

"Basi nimekosa. Sina haki na wewe." Akaushusha mkono kwa masikitiko ya kweli, na Bi Leokadia kwa mara ya kwanza siku ile akacheka, tena akacheka mpaka ikabidi apokewe ndoo.

"Mpaka lini?" watu waliuliza mstarini.

"Mpaka povu lisimame," alijibu Sikujua, na ndani ya nafsi yake aliomba Mungu lisimame kabla mikono ya watu haijachoka. Maji nyuma ya kioo yalikuwa mazito kama uji. Mtu asiyejua angesema mji mzima wa wendawazimu umejipanga mstari kuhakikisha unahamishwa.

Povu moja likapanda likakaa. Likaja la pili, likaegemea la kwanza. Sikujua aliinua mkono, ngoma ikanyamaza, ndoo zikasimama palepale zilipofika. Kisha yakaja kwa wingi, meusi, yanayong'aa, kila povu limebeba unga wake wa jiwe mgongoni, yakatanda juu ya tangi, yakanenepa, yakafurika ukingoni na kumwagika kwenye mfereji kwa sauti ya mvua nyepesi. Kijivu nyuma ya kioo kikaanza kufunguka kutoka chini kwenda juu. Kwanza watu waliona sakafu ya tangi. Baadaye wakauona ukuta wa pili. Mwisho wakawaona wenzao waliosimama upande wa pili, wamejaa tope, wakiwapungia mikono.

Maji yalipitishwa kwenye machujio ya makaa ya vifuu, yakapimwa na vyombo vya Mkaguzi, yakapimwa tena kwa sababu hakuviamini. Kisha ikaletwa glasi. Sikujua akanywa nusu mbele ya wote, akampa Bi Leokadia iliyobaki. Mkaguzi akanywa taratibu, akaisukasuka mdomoni, akameza.

"Hayana ladha yoyote," alitangaza.

Watu wa Namkonda, ambao maisha yao yote walijua maji kuwa na ladha ya chuma au ya pipa, hawakuwahi kusikia sifa kubwa kama hiyo. Vigelegele vilipanda mpaka kunguru wakaiacha mikorosho. Bi Leokadia akasubiri vitulie, akauliza kama kuna mtu mwenye rangi na brashi. Wakamletea. Akaenda kwenye nyumba ya kwanza aliyoikuta njiani, akaifuta mwenyewe ile X nyekundu, kisha akampa brashi mwenye nyumba aendelee na wengine. Kufikia jioni mji ulikuwa na mabaka ya rangi za kila aina, na Sikujua, kwenye ukuta wa mama yake, alipaka buluu sehemu kubwa kuliko ilivyohitajika, huku akilia bila kujificha.

Hayo ndiyo mambo ya siku ile, na watu wa Namkonda huyasimulia mpaka hapo wakayaacha. Lakini kulikuwa na kazi moja iliyobaki. Miji mingine yenye mabwawa kama lile ilikuwa imeanza kuomba ipelekewe Mkadiri, na haikuwezekana kumpeleka akiwa na mkono ule. Sikujua alikaa na jambo hilo siku kadhaa, akilizunguka. Mwishowe akaenda kwa mama yake.

"Mama, inabidi Mkadiri afundishwe upya kupima."

"Mfundishe. Wewe ndiye mhandisi."

"Nimejaribu. Nikimwambia mimi anaona ni hesabu, anaitii leo tu. Ulichomfundisha wewe anaona ni tabia. Hataiacha mpaka aone umeiacha wewe."

Tangu siku ya wageni Gaudensi alikuwa amemtania Bi Somoe sokoni asubuhi na jioni, kwamba yeye ndiye mwanamke pekee duniani aliyekaribia kuhamisha mji kwa ukarimu, na alikuwa akicheka pamoja na wengine. Hili la sasa halikuwa la kucheka. Hata hivyo alijitanda kanga, akaenda.

Alikaa kwenye kiti chake cha zamani mbele ya macho ya Mkadiri. Akachota dawa, kibaba kikajaa, kilima kikasimama juu yake kama kawaida. Akachukua kisu kipana, akakiweka ukingoni mwa kibaba. Mkono ulikataa. Katika umri wake wote hakuwahi kumpimia mtu kibaba cha mfuto, kisicho na kilima; wapo wauzaji waliofanya hivyo, na majina yao alikuwa akiyajua. Sikujua alisimama nyuma yake, akaona mabega ya mama yake yanapanda na kushuka, na akahisi uchungu ambao hakuna mtambo wake wowote uliowahi kumpa. Kisha kisu kikapita. Kilima kikaanguka kwenye ndoo, na kibaba kikabaki bapa.

Mikono ya chuma haikumwigiza.

"Bi Somoe," aliuliza Mkadiri, "huku si kupunja?"

"Ni kupunja, mwanangu."

"Na wageni wakija?"

"Hata wakija."

Akakata kibaba cha pili, na cha tatu, mpaka mikono ya chuma ikainuka, ikachukua kisu chake, ikakata kama yeye, kwa mzungusho wake ule ule wa kiganja. Bi Somoe aliitazama ikifanya hivyo mara kadhaa, bila kosa. Akafuta vidole vyake kwenye pindo la kanga, akainuka, akaisogelea ile lenzi ya kioo kama mtu anayetaka kumnong'oneza mtoto sikioni.

"Umejua?"

"Nimejua."

"Basi nisikilize vizuri. Hii ni ya mawe tu. Mtu usije ukamfanyia."